Nyumba itakaa tupu wiki 6 za baridi Minnesota: tuzime nini, tuache nini?

Swali: Mimi na mume wangu tulinunua nyumba Brooklyn Park, Minnesota, miaka miwili iliyopita. Desemba 14 tunaondoka na watoto kwenda Moshi, tutarudi mwisho wa Januari. Hatujawahi kuiacha nyumba bila mtu wakati wa baridi. Rafiki yangu anasema tuzime joto kabisa, ya nini kulipia gesi nyumba haina watu. Mume wangu anasema tufunge maji pale kwenye mita, inatosha. Jirani anasema tuache koki zidondoshe maji kidogo kidogo ili yasigande. Tumsikilize nani? Na tukirudi tutafika usiku wa manane, watoto wamechoka. Tufungue nini kwanza?

Jibu: Dada yangu, umefanya vyema kuuliza mapema. Mimi ni fundi bomba. Kazi nilijifunzia Tanga, na sasa ni mwaka wa 17 naifanya hapa Minnesota. Kila Januari huingia nyumba ambazo wenyewe wako Nairobi, Arusha au Kisumu wakila sikukuu, huku maji yanatiririka ngazini. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Kati ya hao watatu, shemeji ndiye aliyekaribia. Ila amefika nusu ya njia, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayopasua bomba.

Tuanze na baridi yenyewe. Mbao za nyumba yako, zulia, makabati na vitanda havidhuriki sana na baridi ya wiki chache. Kinachoibomoa nyumba ni maji yaliyoachwa ndani ya bomba. Kila aliyekulia nyumba yenye friza amewahi kusahau chupa ya soda humo na kuikuta imepasuka. Maji yakipoa hujikusanya mpaka kufika nyuzi 4 za Selsiasi, kisha yanageuka na kuanza kutanuka, na yakishakuwa barafu yanataka nafasi zaidi kwa takriban asilimia 9. Chupa haina nafasi hiyo. Bomba la shaba nalo halina.

Lakini kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hawalielewi. Mara nyingi bomba halipasuki pale barafu ilipo. Barafu huanza sehemu moja yenye baridi kali, tuseme nyuma ya sinki la jikoni, inaziba bomba kama kizibo, halafu inaendelea kukua na kuyasukuma maji yaliyo mbele yake kuelekea koki. Koki imefungwa, maji hayana pa kwenda, shinikizo linapanda na kupanda mpaka bomba linaachia. Linaweza kuachia mita kadhaa kutoka kwenye barafu, mahali ambapo ukuta una joto zuri tu. Ndiyo maana huwezi kujiambia "bomba la pale ni salama, liko ndani". Na likishapasuka, barafu hiyohiyo inabaki imelizuia tundu. Nyumba inaonekana kavu. Maji huanza kumwagika siku hewa inapopata joto na barafu kuyeyuka. Nimeona watu wanaingia kutoka uwanja wa ndege, wanapandisha joto, wanakwenda kulala, na alfajiri wanaamshwa na mlio wa maji.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipima jambo hili miaka ya 1990 wakakuta kwamba bomba lisilo na kinga, likiwa mahali pasipo na joto, huanza kuwa hatarini nje kukifika nyuzi 7 chini ya sifuri, yaani 20 za Farenhaiti. Minneapolis, wastani wa baridi ya usiku wa Januari ni kama nyuzi 13 chini ya sifuri. Maana yake nyumba yako itakuwa upande wa hatari karibu kila usiku utakaokuwa Moshi, hata mwaka ambao watu watasema baridi haikuwa kali. Januari 30, 2019, Minneapolis ilishuka hadi 33 chini ya sifuri. Kule Tower, kaskazini mwa jimbo hili, Februari 2, 1996 ilifika 51 chini ya sifuri, na rekodi hiyo ya jimbo inasimama mpaka leo.

Sasa ushauri wa rafiki yako wa kuzima joto. Kuna watu huku wanafanya hivyo, wenye vijumba vya mapumziko kando ya maziwa. Wanayatoa maji yote, wanapuliza mabomba kwa kompresa mpaka yakauke, wanatia dawa ya kuzuia kuganda kila shimo, ndipo wanazima. Hiyo ni kazi ya siku nzima ya mtu anayejua anachofanya, na kijumba kile mara nyingi hakina besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi. Yako inayo. Besimenti isiyo na joto katika baridi ya huku inaruhusu ardhi ya chini kuganda, na ardhi iliyoganda inavimba, inaweza kuinua sakafu na kupasua kuta za msingi. Kwa wiki sita, utakachookoa kwenye bili ya gesi hakifanani na hatari hiyo. Joto liache.

Liache kiasi gani? Nyuzi 13, yaani 55 za Farenhaiti, usishuke hapo. Utauliza mbona 13, na maji yanaganda kwa sifuri? Kwa sababu themostati yako, kile kifaa cha kupangia joto la nyumba, iko ukutani katikati ya nyumba, kwenye korido pengine, na inapima hewa ya hapo. Bomba la jikoni limepita ndani ya ukuta wa nje, nyuma ya kabati lililofungwa, ambako upepo unapenya. Korido ikisoma 13, huko nyuma ya kabati kunaweza kuwa karibu na sifuri. Kwa sababu hiyohiyo, siku ya kuondoka fungua milango ya makabati yote yaliyo chini ya masinki, fungua milango ya vyumba vyote, na usizibe matundu ya hewa ya moto katika vyumba visivyotumika. Mlango wa gereji ubaki umefungwa vizuri, hasa kama kuna bomba linalopita darini mwa gereji, na nyumba nyingi za vitongoji vyetu ziko hivyo: bafu la juu limekaa juu ya gereji.

Ila joto nalo lisikupe usingizi wa bure. Watu wengi kutoka nyumbani wanadhani fanesi ya gesi, yaani mtambo unaopasha nyumba joto, haihusiani na umeme. Inahusiana sana. Gesi ndiyo inayowaka, lakini kinachoiwasha ni umeme, na feni inayosukuma hewa ya moto ni ya umeme. Umeme ukikatika, joto limekatika. Halafu nenda nje ukatazame ubavu wa nyumba: kama fanesi yako ni ya kisasa, utaona mabomba mawili meupe ya plastiki yametokeza ukutani. Moja linavuta hewa, jingine linatoa moshi. Theluji ikirundikana ikayafunika, fanesi inajizima yenyewe kwa usalama. Hakuna kilichoharibika, imefanya kazi yake, lakini nyumba inapoa.

Hicho ndicho kilichoipata familia moja ninayoikumbuka, ile baridi ya 2019. Walikuwa wamekwenda nyumbani kwa mazishi, wakakaa zaidi ya walivyopanga. Themostati waliiacha nyuzi 16, vizuri kabisa. Maji hawakufunga. Upepo ukasukuma theluji kwenye ule ubavu, mabomba mawili yakafukiwa, fanesi ikajizima. Bomba la bafu la juu, lililokuwa ukuta wa kaskazini, likaganda. Siku chache baadaye hewa ikapata joto, barafu ikayeyuka. Jirani ndiye aliyenipigia baada ya kuona maji yanatoka chini ya mlango wa mbele na kuganda ngazini. Nilipoingia dari ya jipsamu ilikuwa sakafuni, laini kama uji. Besimenti maji yalinifika magotini. Kulikuwa na sanduku la kanga za mama mwenye nyumba, zimelowa na kuchujiana rangi, na albamu za picha za harusi. Dari ilirudi, sakafu ilirudi. Picha zile hazikurudi. Tangu siku ile nikiulizwa swali kama lako huwa sijibu kwa mkato.

Lau wangefunga maji na kuyatoa, fanesi ingezimika vilevile, nyumba ingepoa vilevile, na wangerudi kukuta nyumba ya baridi lakini kavu. Hiyo ndiyo sababu nakwambia: joto liwepo, lakini imani yako iweke kwenye mabomba yasiyo na maji.

Kwa hiyo shemeji akifunga mita, aendelee hivi.

Kwanza, wiki mbili tatu kabla ya safari, ashuke besimenti aijaribu koki kuu, ile inayofunga maji ya nyumba nzima. Huku mita ya maji huwekwa ndani, kwa sababu bomba la mtaani limezikwa zaidi ya mita mbili chini kukimbia baridi, linaingilia sakafuni mwa besimenti na koki kuu iko hapohapo. Ikiwa ina mpini mrefu wa kugeuza robo mzunguko, ni nzuri. Ikiwa ina gurudumu la mviringo la kuzungusha mara nyingi, na haijaguswa miaka kumi, usishangae ikigoma au ikifunga nusu. Aifunge, apande juu afungue koki ya jikoni, asubiri dakika tano. Maji yakiendelea kuchirizika, koki hiyo haifungi. Hapo muite fundi aibadilishe mapema, maana Desemba 13 jioni hamtampata.

Siku ya kuondoka, mkishaoga wote na kufua cha mwisho, ndipo afunge. Aanze na hita ya maji: ya gesi airudishe kwenye alama ya likizo au ya moto mdogo, ya umeme azime swichi yake kwenye kisanduku cha umeme. Hili la umeme msilisahau, kwa sababu hita ya umeme ikiwaka bila maji ya kutosha ndani, vyuma vyake vya kupashia vinaungua kwa muda mfupi sana. Afunge na kikoki cha maji ya baridi kinachoingia juu ya hita, ili tangi libaki limejaa, lisinyonywe wakati mabomba yanamwagwa. Tangi lililojaa katikati ya besimenti yenye joto halina shida.

Kisha afunge koki kuu, apande ghorofa ya juu afungue koki zote, baridi na moto, sinki, beseni na bafu. Ya bafu yenye mpini mmoja aiweke katikati ili pande zote mbili zitoe. Ashuke chini afungue koki ya chini kuliko zote, mara nyingi ni ya sinki la kufulia besimenti. Hewa itaingilia juu na maji yatatokea chini. Mtasikia mabomba yanakoroma. Ndiyo dalili kwamba yanakauka. Vyoo mvute maji mara moja huku mmeshikilia mpini mpaka tangi limwagike lote, kinachobaki mkinyonye kwa sponji.

Halafu koki hizo ziacheni wazi, na vizibo vya masinki viwe vimetolewa. Watu hupenda kuzifunga kwa mazoea. Zikiwa wazi, matone yaliyobaki kwenye viungo yakiganda yana pa kutanukia, na kama koki kuu inavuja kidogo maji yataishia kwenye sinki badala ya kujaza mabomba upya.

Kuna sehemu ambazo maji hubaki hata ukifanya hayo yote. Chini ya kila sinki, beseni na choo kuna kile kiwiko kilichopinda, kinachobaki na maji makusudi ili harufu ya maji taka isiingie ndani. Hayo hayatoki. Nunua ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, inayouzwa kwa magari ya kulala safarini. Maduka ya vifaa vya ujenzi yanayo kwa galoni kila vuli. Mimina kama nusu lita katika kila tundu la sinki na bafu, lita moja kwenye kila choo, na kidogo kwenye tundu la sakafuni besimenti. Galoni nne zinatosha nyumba ya bafu mbili. Tafadhali isiwe ile ya injini ya gari. Ya gari ina sumu kali, tamu mdomoni, watoto na mbwa huvutiwa nayo, na haifai kabisa kumwagwa kwenye mabomba ya nyumba. Ile ya waridi ina faida nyingine: haikauki haraka kama maji, kwa hiyo harufu mbaya haitapanda wiki hizo sita.

Mashine ya kufulia na ya kuosha vyombo nazo hubakiza maji kwenye pampu. Kikombe kimoja cha dawa hiyo ndani ya kila moja, uiendeshe sekunde chache kwenye hatua ya kutoa maji, basi. Friji yenye kutengeneza barafu ina kijibomba chembamba cha plastiki nyuma yake. Kina kikoki chake, kifunge. Kijibomba hicho kimenilipia kodi miezi mingi, kwa sababu hakuna anayekikumbuka.

Na bomba la nje. Ondoa mpira wa kumwagilia, hata kama bomba lenyewe ni lile la kuzuia kuganda. Bomba la aina hiyo hufungia maji ndani kabisa ya nyumba, na urefu unaobaki nje hujimwaga ukifunga. Ukiacha mpira umefungwa, maji hayamwagiki, yanaganda ndani ya ukuta. Hutajua mpaka Mei, unafungua kuosha gari, kumbe nusu ya maji inamwagika besimenti.

Jirani yako na matone yake sasa. Ushauri huo una ukweli kwa watu waliomo ndani usiku mmoja wa baridi kali: tone linapunguza lile shinikizo kati ya barafu na koki. Kwa nyumba tupu ni hatari. Maji lazima yabaki wazi toka mtaani, na uzi mwembamba wa maji unaopita kwenye bomba la maji taka unaweza kuganda humo tabaka juu ya tabaka mpaka bomba lizibe, sinki lifurike, na hakuna wa kulifunga.

Yapo mazingira ambayo haya niliyosema hayafai kufuatwa kichwa kichwa. Kama joto la nyumba yako linatokana na maji ya moto yanayozunguka kwenye vyuma vya ukutani, usifunge wala kumwaga chochote kabla fundi wa mitambo hiyo hajaiona, kwa sababu mtambo unaweza kutegemea maji hayo yajazwe wenyewe shinikizo likishuka. Ukiwa kwenye jengo lenye mabomba ya kuzima moto darini, hayo hayafungwi kamwe. Zungumza na msimamizi. Na kwenye kisima, zima pampu kabla ya kumwaga. Kwa nyumba nyingi za Brooklyn Park, zenye fanesi ya hewa na maji ya manispaa, maelezo ya juu yanatosha. Msizime umeme wa nyumba nzima, maana fanesi inauhitaji, na ile pampu inayotoa maji kwenye shimo la besimenti pia.

Tukiacha mabomba, linalofuata kwa uzito ni mtu. Mpeni mtu ufunguo, na awe anaishi karibu. Jumuiya zetu hapa hazikosi mtu, tatizo ni kwamba tunampa ufunguo tu. Mpelekeni besimenti, mumuoneshe koki kuu kwa kidole, aifunge na kuifungua mwenyewe. Mumuoneshe yale mabomba mawili meupe nje na mumwachie koleo. Apite mara mbili kwa wiki, na kila baada ya theluji kubwa. Akifika asikilize kwanza: fanesi inavuma? Kuna mlio wa maji? Ndipo azunguke, atazame dari, ashike kuta chini ya masinki. Chini ya sinki la jikoni wekeni kipimajoto cha bei ndogo kinachokumbuka kiwango cha chini kabisa kilichofikiwa. Akisoma hapo atajua usiku wa juzi kulikuwaje. Kwenye friza wekeni kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Sarafu ikionekana imezama, umeme ulikatika muda mrefu, na kama kulikuwa na nyama humo itupwe.

Mtu huyo pia afagie theluji njiani. Miji ya huku ina sheria zake. Minneapolis, kwa mfano, humpa mwenye nyumba ya familia moja saa 24 baada ya theluji kukoma awe amesafisha njia ya waenda kwa miguu. Na theluji isiyo na nyayo wiki nzima inamwambia mwizi jambo lilelile ambalo hukutaka kulitangaza.

Themostati ya intaneti ni msaada mzuri, na vipo vitambuzi vidogo vya maji vya kuweka sakafuni karibu na hita na mashine ya kufulia. Nunueni kama mnaweza. Lakini mkumbuke umeme ukikatika na waifai imezimika, kwa hiyo simu ikikuonesha kwamba kifaa hakipatikani, ichukulie kama taarifa ya hatari na umpigie mwenye ufunguo papo hapo. Moshi iko mbele yetu kwa saa tisa majira hayo. Saa mbili usiku hapa ni saa kumi na moja alfajiri kwenu, simu itakulia umelala. Usiinyamazishe.

Kisha bima. Bima nyingi za nyumba Marekani zina kifungu kinachosema hasara ya bomba lililoganda kwenye nyumba isiyo na mtu hailipwi, isipokuwa mwenye nyumba alijitahidi inavyostahili kuweka joto, au alifunga maji na kuyatoa. Ninyi mtakuwa mmefanya yote mawili, lakini mtatakiwa kuonesha. Pigeni picha ya themostati, ya koki kuu ikiwa imefungwa, na risiti ya fundi aliyekagua fanesi. Kampuni nyingine huhesabu siku, na kikomo huwa 30 au 60. Safari yenu ni ya siku kama 47, inapita kikomo kimoja na haifiki cha pili. Kwa hiyo mwandikieni wakala wenu barua pepe sasa, muulize kikomo chenu ni kipi, na mpate jibu kwa maandishi kabla ya kuondoka.

Niseme neno na ndugu wa Dallas na Houston wanaosoma hapa wakidhani haya ni ya watu wa kaskazini. Februari 2021 uwanja wa ndege wa Dallas ulipima nyuzi 19 chini ya sifuri na mamilioni ya nyumba Texas zilikosa umeme. Nyumba za kule zimejengwa kwa ajili ya jua: mabomba yanapita darini penye pamba kidogo ya kuzuia baridi, na koki kuu mara nyingi iko kwenye kisanduku cha ardhini karibu na barabara, kinachohitaji ufunguo maalumu wa chuma. Watu wengi walikuwa hawajawahi kukifungua. Walisimama nje kwenye barafu wakikitafuta huku maji yanamwagika ndani. Kitafute leo, jua likiwaka.

Sasa la mwisho uliloniuliza, kurudi usiku wa manane. Jibu langu ni kwamba usiku huo msifungue maji kabisa. Kabla ya safari acheni jikoni galoni sita za maji ya kunywa. Nyumba ikiwa na nyuzi 13 hayatagandia humo, na kwa sababu ni ya dukani hayataharibika. Jazeni ndoo mbili na kuzifunika kwa ajili ya choo. Mkifika, pandisheni joto, chemsheni chai, wapanguseni watoto kwa kitambaa, mlale. Maji yanayofunguliwa na mtu aliyekuwa safarini kwa muda wa saa ishirini na kitu hayana msimamizi.

Asubuhi, mmoja akae besimenti na mwingine apande juu. Wa juu afunge koki zote isipokuwa moja ya kila bafu na ya jikoni. Wa chini afungue koki kuu robo tu na asimame akisikiliza. Hewa itatoka kwa kukohoa na kutema, maji yatakuja ya rangi ya kutu kwa dakika moja, kisha yatasafika. Mkifunga koki zile, mita isimame. Kuna kigurudumu kidogo au alama kwenye uso wake inayosogea hata kwa uzi wa maji. Ikiendelea kusogea na kila koki imefungwa, kuna mahali panavuja, fungeni mara moja na mniite mimi au fundi mwingine. Ikitulia, fungueni koki kuu yote, fungueni kikoki cha juu ya hita, mwache maji ya moto yatoke jikoni bila kukatika, ndipo mrudishe gesi au swichi ya umeme. Dawa ya waridi iliyomo kwenye mashine ya vyombo itoeni kwa mzunguko mmoja mtupu kabla ya kuosha sahani za watoto. Kijibomba cha friji fungueni mwisho, na barafu ya siku ya kwanza itupeni.